Vitunguu vya Mtihani

Jumatatu, 10 Oktoba 1983
Kipindi cha pili, Kidato cha Nne. Seli tena. Nusu ya darasa bado wanaijengea seli ya mnyama ukuta. Nimewauliza kama mashavu yao yamejengwa kwa tofali. Wamecheka, kisha wakafuta. Mmea hauna mifupa, kwa hiyo kila seli yake inajishikilia kwa ukuta. Mnyama anatosheka na utando. Bhoke, mtoto wa dada yangu ninayeishi naye hapa Nyakato, amepata yote. Anaiga michoro yangu ya ubaoni hadi unene wa mstari.

Mchana mkuu wa shule kaniita. Bahasha ya mtihani wa vitendo, wa Jumatano ya wiki ijayo. Nitayarishe vitunguu, iodini na hadubini. Nimesaini kwamba nitafunga mdomo.

Jumatano, 12 Oktoba
Chupa ya iodini ya shule imekauka tangu sijui lini. Hospitali hawana hata ya vidonda. Mfamasia akauliza ya nini. Nikasema nina kidonda mguuni. Akataka kukiona. Nimeondoka nachechemea, mtu mzima mimi.

Ijumaa, 14 Oktoba
Nimepanda lori hadi Bunda. Hakuna. Wakanielekeza zahanati moja njia ya Butiama. Muuguzi wa makamo akanimiminia robo ya kichupa, hakuuliza kitu. Nimekibeba kifuani njia nzima kama kifaranga.

Jumamosi, 15 Oktoba
Maabara, peke yangu, mlango nimefunga. Nimebandua ngozi ya kitunguu, nikadondoshea iodini, nikachungulia. Hadubini hii haikuwahi kutumika tangu nihamie hapa. Kuta zimenyooka vizuri. Nikatafuta kiini katikati. Hakipo. Kiko pembeni, kimebanwa ukutani. Nikabadilisha kipande. Pembeni tena. Katikati pamejaa vakuoli, ghala la maji la seli, ndiyo inayokisukuma.

Mimi huchora kiini katikati na vakuoli ndogo ubavuni. Mwaka wa sita sasa. Nilichorewa hivyo ubaoni, nikachora hivyo ubaoni. Naona aibu.

Jumatatu, 17 Oktoba
Kipindi cha mwisho kabla ya mtihani. Nimesimama na chaki mkononi. Nikirekebisha mchoro leo, na keshokutwa wakute kitunguu mezani, nani ataamini sikuvujisha? Darasa zima litafutiwa mtihani. Nisiporekebisha, nawaacha na uongo wangu nikijua.

Nimeziacha seli, nimefundisha minyoo. Najichukia.

Jumanne, 18 Oktoba
Kabla ya chakula Bhoke kaleta daftari nimsikilize. Mitokondria hutoa nguvu. Kloroplasti hutengeneza chakula. Kiini huongoza kazi zote za seli. Akaweka kidole katikati ya mchoro. Anataka Kidato cha Tano kuliko anavyotaka kula. Nikamtuma maji. Ndoo zilikuwa zimejaa.

Jumatano, 19 Oktoba
Mtihani umekwisha. Hadubini haikugoma, iodini ilitosha.

Jioni nimemkuta Bhoke uani anachambua dagaa. Nikamuuliza kiini alikiona wapi.

"Pembeni, mamdogo. Nikajua hadubini imeharibika. Nikachora katikati, kama unavyotufundishaga."

Nimemwambia ukweli wote, pamoja na siku niliyoujua. Hakulia. Aliuliza kama wenzake nao wamechora hivyo. Nikasema nadhani ndiyo.

Ningeweza kuwaambia Jumatatu neno moja tu: chora unachokiona. Hilo si siri ya mtihani, kila mwalimu husema. Halikunijia. Nilikuwa nahangaika na usalama wangu.

Vitunguu viwili vimebaki. Nilitaka kuviweka kwenye mboga, Bhoke amekataa. Anataka kuviangalia tena, polepole.