Skuta Iliyofichwa kwenye Minyaa

Magomeni, Dar es Salaam
Jumatatu

Mke wangu mpenzi, Mama Zuhura,

Salamu zangu zikukute mzima, wewe na mtoto, na shikamoo yangu imfikie mama yako akiwa amekaa mahali pa kivuli. Mimi huku sijambo, isipokuwa jicho la kushoto, na jicho hilo ndilo linalonifanya niandike kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Mvua zimefika Sindeni? Shamba la ujamaa mmelipalilia, au bado mnagombania majembe? Zuhura ameota meno mangapi sasa? Sisi huku tunakula unga wa njano, na mpishi wa kiwandani anatuambia tushukuru.

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Darasa la watu wazima limekupa mwandiko mzuri kuliko wangu mimi niliyefika darasa la saba. Kwa hiyo hii nayo isome mwenyewe. Usimpe mwalimu, usimpe mjumbe, na Bwana Shamba usimwonyeshe hata bahasha.

Umeniambia kwamba hupati usingizi. Kwamba watoto walimwona mtu mwenye kofia ngumu amejikunyata kwenye ua wa minyaa wa nyumba yetu, akakimbia, na mjumbe wa nyumba kumi amepanga vijana wa mgambo walinde zamu kwa zamu mpaka mwizi huyo akamatwe. Lala, mke wangu. Mwizi huyo namfahamu. Ni mimi.

Sasa kaa chini nikueleze, na tafadhali usicheke mpaka mwisho.

Jambo lilianza na ile barua yako ya kabla ya mfungo. Uliandika, "Bwana Shamba ametupakia kwenye pikipiki yake mpaka hospitali ya Handeni, Mungu ambariki." Nikakuandikia kuuliza nani anaumwa. Ukanijibu, "Si jambo la kuandika." Mwanaidi, hebu jiweke mahali pangu. Mwanamume yuko mbali na nyumba yake mwaka mzima na miezi juu yake, anaambiwa mkewe anapakiwa pikipiki kwenda hospitali, na ugonjwa wenyewe si wa kuandika. Angeelewa nini? Mimi nilielewa lile ambalo hukulisema. Nilikuwa nasimama kwenye mashine, nyuzi zinakatika mbele yangu, na mimi namwona Bwana Shamba na viatu vyake vya serikali, wewe nyuma yake umemshika kiunoni. Asiyekuwapo na lake halipo, nikajisemea. Nilikonda. Muulize yeyote anayekuja kutoka huku.

Hapo ndipo Mathayo akaleta habari ya skuta. Mathayo ni fundi wa mitambo kwetu kiwandani, mtoto wa wakata mkonge wa Mnyuzi, na anataka kurudi kwao kulima. Ana skuta yake ya rangi ya maziwa, iliyochakaa kidogo ubavuni. Akaniambia, "Rajabu, chukua uiendeshe wiki mbili. Ikikufaa ni yako, isipokufaa nirudishie, hatutagombana." Mimi nikaichukua mbio. Nilimwambia naitaka kwa kwenda kazini. Moyoni nilitaka kitu kimoja tu: na mimi niwe na pikipiki kama yeye.

Nikuambie ukweli juu ya chombo chenyewe, maana huo ukweli utakuhusu. Kwa mjini ni mali. Zamani nilikuwa naamka alfajiri kugombania basi, siku hizi nanywa chai nimekaa. Mbele ina bati pana linalozuia tope, kwa hiyo suruali inafika kazini safi. Miguu unaiweka chini kwenye sakafu yake, kama umekaa kitini. Gia ziko mkononi, unazungusha mkono wa kushoto na klachi pamoja, na siku ya pili nilikuwa nimezoea. Ila ina tabia zake. Injini imekaa upande wa kulia, kwa hiyo ukilegea inakuvuta kulia. Petroli yake ni ya kuchanganya na oili, na ukizidisha oili plagi inazibika, unabaki unapiga kiki mbele za watu mpaka jasho linakutoka. Magurudumu ni madogo kama sinia. Shimo ambalo baiskeli inalivuka, yenyewe inaingia.

Ningeishia hapo ningekuwa mtu mwenye akili. Lakini nilikuwa na siku mbili za mapumziko, na wivu haukai chini. Jumamosi alfajiri, wiki mbili zilizopita, nikavaa kofia ya Mathayo, nikaweka plagi ya akiba mfukoni, nikashika njia ya Chalinze. Sikukuandikia kwa makusudi. Nilitaka nikukute. Na nikufiche nini tena, mficha uchi hazai: nilikuja na neno la talaka mdomoni. Njia nzima nilikuwa nalirudia ili nisije nikalisahau nikiona uso wako.

Kwenye lami ilikwenda vizuri, ila kwa mlima mrefu ilikuwa inalia kwa gia ya pili na malori yananipita yakinipigia honi. Chalinze nikaipumzisha, Mkata nikaipumzisha tena nikabadilisha plagi. Ile barabara ya vumbi ya kutoka Mkata kuja kwetu ndiyo iliyonionyesha kazi. Mikono ilikufa ganzi, meno yaligongana, na mara mbili nililala nayo mchangani. Kwa safari ya namna hiyo, nasema kwa haki, skuta haifai, labda uwe na hasira kama yangu.

Nilipofika nyuma ya nyumba yetu ilikuwa alasiri. Nikazima injini mbali, nikaisukuma. Na nini ninachokiona kwenye mlango wangu wa uani? Pikipiki ya Bwana Shamba. Na sauti gani ninayoisikia kutoka ndani? Wewe, Mwanaidi, unacheka. Kicheko chako kile cha kujizuia kwanza halafu kinakushinda, ambacho nilidhani ni changu peke yangu. Nikaificha skuta nyuma ya minyaa, nikapiga hatua niingie na neno langu.

Mlango ukafunguka. Akatoka Bwana Shamba kinyumenyume, nawe ukatoka, na katikati yenu mmemshikilia mama yako.

Nilikuwa najua mama amekuja kutoka Magoma kukusaidia palizi. Uliniandikia. Lakini hukuniandikia kwamba hawezi kutembea. Nikasimama kama nguzo. Mkwe wangu yuko mbele yangu, mimi nina vumbi mpaka kwenye kope, sina koti, sikupiga hodi, sikutuma mtu atangulie kusema nakuja. Njia ya kupisha hakuna. Nikafanya kile ambacho nimefundishwa tangu nikuoe: nikatoka njiani. Nikajitupa ndani ya minyaa.

Matawi yakavunjika, utomvu ukaniingia jichoni. Unaujua utomvu wa minyaa. Nilitaka kupiga kelele nikauma mkono wa shati. Na kwa jicho lililobaki nikaona nilichokuwa sistahili kuona. Pikipiki ile ya serikali ina tangi refu na kiti chembamba kilichoinuka, haina pa kukalia upande mwanamke mgonjwa. Mkampandisha mama miguu huku na huku. Kanga ikapanda. Nikaona kitambaa cha dawa na mahali kilipofungwa, na hapo hapo nikafumba jicho, lakini mwenye macho haambiwi tazama, lilikwisha kuona. Ugonjwa ule uko mahali ambapo mkwe hatajiwi. Sasa naelewa kwa nini haukuwa wa kuandika.

Nikakusikia unamfunga kwa kanga yako kwenye mgongo wa Bwana Shamba asije akaanguka. Ukasema, "Haya mama, ulitubeba wote, leo zamu yako kubebwa mgongoni." Naye mama, pamoja na maumivu yake, akacheka, na wewe ukacheka. Basi kicheko chenyewe kilikuwa hicho.

Wakapita hatua nne tu kutoka nilipolala. Uso nilikuwa nimeuficha kwenye majani. Utaniuliza kwa nini sikuingia walipokwisha kuondoka. Ningekuambia nini? Kwamba nimetoka Dar es Salaam kuja kukuvizia? Neno nililokuja nalo nililitemea pale pale mchangani, na aibu ikajaa mahali pake. Ndipo watoto waliponiona wakapiga kelele "Mwizi!", nikakimbia naisukuma skuta mpaka nilipothubutu kuiwasha. Karibu na Mkata Mmasai aliyekuwa anachunga akaniosha jicho kwa maziwa, wala hakuniuliza kitu. Nililala msikitini. Jumapili nikaondoka mapema, lakini kwa jicho moja huwezi kukimbiza chombo, na nilipofika Kimara saa nane ilikwisha kupita. Wajua Jumapili mchana magari yanatakiwa yalale ili kuokoa mafuta. Askari akaniambia, "Ndugu, zima. Sukuma." Nikaisukuma mpaka Magomeni, watu wakinipa pole. Daktari anasema jicho litapona. Nadhani kuna mengine ndani yangu yaliyokuwa yanahitaji dawa zaidi.

Sasa sikia nilichoamua. Skuta nimeinunua. Mathayo akija kwao ataipakia kwenye treni mpaka Korogwe, halafu lori la ushirika litaileta Sindeni. Mimi kazini nitarudi kwenye basi langu. Skuta haina tangi katikati. Mwanamke anapanda na gauni lake, na mgonjwa anakaa upande, kanga imetulia. Ni chombo cha kumpeleka mama hospitali kwa heshima, polepole, kwa gia ya pili. Lakini nani ataiendesha? Hapo nimekesha siku tatu. Bwana Shamba, hapana. Najua hana kosa, namshukuru, na bado hapana. Mimi mkwewe siwezi kumpakia mama mgongoni mwangu, hata dunia ikipinduka. Nimezunguka kote nikaona amebaki mtu mmoja tu, na ni wewe.

Usishtuke. Aliyejifunza kuandika barua kama yako hashindwi na gia tatu. Nitakuja likizo nikufundishe mwenyewe, pale kwenye kiwanja cha shule. Kabla sijafika asiiguse mtu, na mtu akijitolea kukuonyesha klachi mwambie mwenye mke anakuja.

Pamoja na hii nimemkabidhi Mathayo doti ya kanga kwa ajili ya mama. Mpe shangazi yangu ampelekee, ndiyo desturi, kumtaka radhi. Sababu muijue nyinyi wawili tu. Mama asiambiwe kwamba nilikuwapo.

Nisalimie huyo shangazi yangu, na kaka yangu wa ng'ambo ya kisima, mwambie mbuzi wangu asimuuze. Nisalimie mjumbe, umwambie mwizi amekwisha kupatikana, yuko Dar es Salaam na ameadhibiwa, vijana wa mgambo wakalale. Bwana Shamba naye msalimie sana, lakini umsalimie ukiwa umesimama mbali kidogo. Nisamehe kwa hilo, linaondoka polepole.

Na siku utakayompakia mama nyuma yako mkapita njiani, ukaona mtu amesimama pembeni amewapa mgongo, usisimame wala usipige honi. Pita tu na mgonjwa wako. Ni mumeo anawapisha.

Wako mwenye jicho moja kwa sasa,
Rajabu, Baba Zuhura