Bata Mzinga Aliyevaa Deraya

Jumapili, Novemba, Nyakanazi. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ikakatika saa saba, na sasa jua la jioni linawaka juu ya matope utadhani halikuwahi kuondoka.

Mikono yangu inanuka mpira wa tairi. Kwenye nywele nimekuta unyoya. Naandika haraka kabla sijasahau chochote, maana leo nimecheka mpaka mbavu zimeuma, halafu nimeomba msamaha mbele ya watu. Hilo la pili huwa silipendi hata kidogo.

Kwa anayenisoma kwa mara ya kwanza: naitwa Konsolata, mzaliwa wa Bugarama, Ngara. Hapa Nyakanazi nina duka la kuchapa na kutoa kopi, karibu na malori yanapoegeshwa. Kila Jumapili baada ya misa nafunga nusu ya mlango, tunakaa wanne kuizunguka meza ya kukatia karatasi, na tunacheza.

Hatuchezi karata wala bao. Kila mmoja wetu ana mhusika wake katika nchi ya kubuni. Anasema mhusika wake anataka kufanya nini, anarusha dadu, na dadu inaamua kama amefaulu au ameumia. Mchezo huu nilifundishwa na rafiki nikiwa chuoni Mwanza, nikaja nao huku. Mimi ndiye mwongozaji. Natunga mito, maadui na mapango, na ndiye niliyeandika kijitabu cha sheria.

Wenzangu ni hawa. Mwalimu Laurenti anafundisha hisabati, ana umri wa baba yangu, kwao ni Bukiriro. Anacheza na jitu. Deo ni fundi wa matairi, mlango wa tatu kutoka kwangu. Mhusika wake ana pembe na kwato za mbuzi. Na Minza ni fundi cherehani, Msukuma, wazazi wake walihamia huku kutoka Shinyanga yeye akiwa mdogo. Mhusika wake ana mabawa. Amempa jina la Malunde, ambalo kwao maana yake ni mawingu.

Sasa, kwenye kijitabu changu, ukurasa wa tisa, kuna jedwali. Kichwa chake kinasema: Jamii zisizo za binadamu, mavazi na vifaa visivyoruhusiwa. Mwenye mabawa haruhusiwi deraya ya kumkinga kifua, wala joho, wala mkoba wa mgongoni. Mwenye pembe haruhusiwi kofia ya chuma. Mwenye kwato haruhusiwi viatu. Jitu haliruhusiwi kitu chochote kilichotengenezwa kwa kipimo cha binadamu.

Binadamu: kila kitu ruksa.

Ngoja nikiri. Masharti hayo sikuyafikiria hata moja. Niliyakuta kwenye sheria za Kiingereza za yule rafiki wa chuo, nikayatafsiri kwa nusu saa huku nikingoja mteja arudi kuchukua kopi zake. Nikaona nimefanya kazi ya maana.

Jumapili mbili zilizopita wahusika wetu walikuwa wanavuka daraja la kamba, maadui wakawarushia mishale kutoka ng'ambo. Jitu la Mwalimu lilikuwa na ngozi nene. Mhusika wa Deo alikuwa na kizibao cha ngozi. Malunde hakuwa na kitu. Mshale wa kwanza, wa pili, na pointi zake za uhai zikabaki moja. Minza amemcheza Malunde miezi minane. Nilimwona anavyoitazama ile karatasi yake ya kuandikia pointi za Malunde.

"Dada Konso," akasema, "kwa nini Malunde hana hata kizibao?"

"Ana mabawa. Deraya haimkai."

"Nani alimpima?"

Nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka. "Minza, ni mchezo tu. Hakuna saizi yake, basi."

Akaweka dadu chini taratibu, akachukua mwavuli wake, akatoka. Jumapili iliyofuata hakuja. Tulicheza watatu, na mchezo ulikuwa mbovu kama chai isiyo na majani.

Jumatano nikamfuata kwenye fremu yake ya ushonaji. Hakunifukuza, ila hakuacha kukanyaga cherehani pia. Inabidi niseme kwamba Minza mgongo wake umepinda tangu utotoni, na bega la kulia limepanda juu ya la kushoto. Nimemzoea hivyo, nilishaacha kuliona. Macho yakiwa kwenye kitambaa, akanisimulia kuhusu kwaya ya kanisani kwao alipokuwa na miaka kumi na miwili. Wasichana wote walishonewa magauni ya Krismasi. Fundi akawapima mmoja mmoja. Alipomfikia yeye, akaikunja tepu, akamwambia mama mlezi wa kwaya kwamba huyu hana saizi.

"Sikuimba vibaya, dada. Nilikuwa sauti ya kwanza. Wakanikalisha benchi la nyuma na gauni langu la nyumbani."

Cherehani ikaendelea.

"Ndiyo maana nikajifunza kushona."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema nisamehe. Nikasema nini? Nikasema nitaongea na Mwalimu Laurenti kuhusu ile sheria. Nikaondoka. Njiani nilijichukia mpaka nikapitiliza duka langu mwenyewe.

Mwalimu nilimkuta anasahihisha madaftari. Nilipomwamkia akaitikia marahaba, akavua miwani, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia jambo ambalo nalo lilikuwa la kweli. Katika mchezo, mwenye kuruka ana faida kubwa kuliko sisi wote. Anapita juu ya kuta, anakimbia kila hatari. Ukimpa na deraya, hakuna atakayetaka kucheza na jitu wala mwenye kwato. Kizuizi kipo ili mizani ikae sawa.

"Simwonei Minza," akasema. "Lakini mizani nayo lazima uifikirie, binti yangu."

Kwa hiyo tangu Jumatano nimetembea na watu wawili kichwani, wote wana haki.

Leo, saa nane kasoro, tumekaa watatu tena. Sikuwa na matumaini. Mara Deo, aliyekuwa ameelekea mlangoni, akasema, "Jamani. Jamani, njooni muone."

Minza alikuwa anakuja kwa kukwepa madimbwi, amekumbatia bata mzinga dume. Namjua huyo ndege, anafugwa nyuma ya nyumba ya Minza na anachukia watu wote sawasawa. Begani Minza alikuwa na mfuko. Akaingia, akamwamkia Mwalimu kwa heshima zote, akamweka ndege juu ya meza yangu ya kukatia karatasi.

"Nimempima," akasema.

Kutoka kwenye mfuko akatoa deraya.

Natafuta maneno ya kuieleza. Ilikuwa ndogo, ya turubai chakavu la lori, imeongezwa vipande vya tyubu alivyookota kwa Deo, vimepangwa kama magamba ya samaki kifuani. Haikuwa na mikono. Mgongo wake ulikatwa vipande vitatu vilivyokutana kwa kamba, na kila bawa lilikuwa na uwazi wake, umezungushiwa kitambaa laini ili usichubue. Vifungo vilikuwa chini ya tumbo, ambako bawa haligusi.

Akaanza kutueleza huku anafunga, na sijawahi kumsikia Minza anaongea hivyo. Alisema bawa halitaki mkono wa nguo, linataka nafasi nyuma na mshiko chini. Alisema amemtazama huyu ndege siku tatu, akipiga mabawa bega linakwenda wapi, ngozi inavutika wapi. Mara ya kwanza alikata vibaya, ndege akaanguka kifudifudi. Mara ya pili ikabana. Hii ni ya nne.

Bata mzinga alishuka mezani akasimama katikati ya duka, kifua mbele, kama diwani siku ya kampeni. Deo alicheka mpaka akakaa chini.

Mwalimu hakucheka. Alikuwa ameshatoa kalamu. "Kuvaa amevaa. Kuruka je?"

"Tutoke nje," Minza akajibu. "Umwone bila nguo kwanza, halafu na nguo. Usije ukasema nimekuibia."

Nje, kwenye uwanja kati ya duka langu na la Deo, tukamvua. Deo akapiga makofi nyuma yake. Ndege akapiga mabawa, matope yakaturukia, na huyo, juu ya bati la duka langu! Kumshusha kulitugharimu ngazi, mahindi, na shati la Deo.

Tukamvalisha. Deo akapiga makofi. Ndege akamtazama tu.

Tukapiga makofi wote wanne. Hakuna.

Watu walianza kukusanyika, wapishi kutoka vibandani, madereva wenye miswaki mdomoni. Mtu mmoja akasema kwa sauti kwamba nguo imemlemea, mvueni kiumbe wa watu. Minza alisimama na mikono yake imeshikana. Ungedhani mimi ndiye niliyetakiwa kuruka. Nilimwomba yule ndege. Kwa kweli nilimwomba, kimoyomoyo, tafadhali.

Ndipo lori lililoelekea Rusumo likapiga honi.

Bata mzinga akaruka! Si kwa kuparamia, aliruka, mabawa yamefunguka yote mawili hadi mwisho, turubai limetulia mgongoni halijajikunja hata kidogo. Akapita ubavuni mwa Mwalimu, usawa wa bega lake, na kutua kwenye rundo la matairi ya Deo, matairi matano yaliyopangwa.

"Kaluka!" Minza alipiga kelele. Akishikwa na furaha Kisukuma chake kinageuza r zote kuwa l. "Kaluka! Mmeona? Kaluka na nguo yake!"

Uwanja mzima ulishangilia. Dereva wa lori akachungulia dirishani akauliza kama huyo ndege ni wa jeshi la nchi gani.

Na Mwalimu Laurenti, viatu vyake vimejaa matope, akaenda na tepu ya Minza mwenyewe akapima. Bati langu, halafu rundo la matairi. Akarudi uso unang'aa kama mtoto. "Nusu!" akasema. "Akivaa, anaruka nusu ya kimo cha kwanza! Konsolata, mizani imekaa! Anayetaka kinga alipe kwa kimo, anayetaka kimo aache kinga. Achague mwenyewe!"

Walikuwa na haki wote wawili. Hakuna aliyeshindwa.

Nilimgeukia Minza palepale, watu bado hawajatawanyika. Nikamwambia nisamehe. Nikamwambia nilisema hakuna saizi yake bila kupima chochote, na Jumatano ulinieleza yote nikakimbia.

"Ulinikera sana, dada," akasema. Kisha, "Haya, leta kijitabu."

Nikampa kalamu. Akapiga mstari juu ya jedwali lote la ukurasa wa tisa na akaandika chini yake, kwa herufi kubwa za fundi anayeandika vipimo: Kila jamii inavaa, ikipata fundi. Sema nguo inakatwa wapi, ina uzito gani, inapunguza nini.

Baada ya hapo hatukukamatika. Deo alitaka katambuga za kwato, viatu vya tairi visivyopiga kelele kwenye mawe ila vinavyoteleza kwenye matope. Kofia ya mwenye pembe tukaikata matundu, lakini adui akiishika pembe anamzungusha nayo. Mwalimu akaomba jitu lake libebe mlango wa ghala kama ngao. Tukabishana wote kwa wakati mmoja mpaka chai ikapoa.

Minza akanyoosha kidole kwenye mstari wa mwisho. "Na binadamu? Kila kitu ruksa? Anaweza kunyanyua rungu la jitu?"

Hakuna aliyewahi kuuliza. Binadamu naye sasa ana vizuizi vyake.

Kisha tukacheza. Malunde alikuwa bado na pointi yake moja, daraja limekatika, na msafiri mwenzao, niliyemtunga mimi, amefungwa ng'ambo ya mto. Nikamuuliza Minza, unavaa au huvai? Bila deraya angepita juu kabisa, ila mshale mmoja tu ungemmaliza. Na deraya angeruka chini chini, karibu kabisa na upinde wa adui. Alifikiri kwa muda mrefu mpaka Deo akaacha kutafuna.

"Anavaa."

Malunde akaruka, miguu yake ikigusa maji. Nikarusha dadu ya adui kwa mkono wangu mwenyewe, na ikatoka sita, mshale umempata kifuani. Minza akarusha dadu ya deraya; tulikubaliana nne kwenda juu mshale haupenyi. Ikazunguka, ikagonga mkasi wangu, ikasimama kwenye tano.

Ilishika!

Sikumbuki nani alianza kupiga meza. Nakumbuka Mwalimu wa hisabati, mtu mzima mwenye wajukuu, amesimama juu ya kiti changu cha plastiki.

Wameondoka sasa hivi. Nilikaa kupanga kurasa za kuchapa upya, na kwa kuwa nimeshaanza kuchokoa, nikafungua ukurasa wa kumi. Huo nao niliutafsiri siku ileile. Kuna mstari unasema jitu haliwezi kujifunza kusoma.

Mwalimu Laurenti amecheza na jitu miezi minane. Kila wahusika wetu walipokuta maandishi ukutani, alinyamaza akasubiri Deo au Minza wamsomee. Hajawahi kulalamika hata mara moja.

Nimeufuta. Kesho asubuhi, kabla sijafungua duka, napita kwake kumuuliza jitu lake lingependa lianze kusoma nini.