Leso ya Pili ya Bwana Maswali

Mwaka umetimia, Baba, na bado hatuamini. Asubuhi ile ulitoka nyumbani mzima wa afya, unalalamika kwamba soksi moja imekukimbia tena. Mama alikujibu kutoka jikoni, "Iulize inavaliwa mguu gani, itajitokeza yenyewe." Ulicheka mpaka getini. Kabla ya chakula cha mchana tukaambiwa hupo tena. Mtu anawezaje kucheka hivyo, halafu iwe basi?

Pale stendi ya mabasi wote walikuita Bwana Maswali. Kazi yako ilikuwa kutunza vitu ambavyo abiria walivisahau: miavuli, miwani, funguo, mabegi, hata meno ya bandia. Hukumuuliza mtu rangi ya kitu chake. Ulimuuliza anakitumiaje. Jamaa mmoja alikuja kudai mwavuli.

"Ni mweusi," akasema.

"Humu yote ni myeusi, ndugu yangu. Wako unaufunguaje?"

"Nabonyeza, unafunguka."

Ukamwambia kwa upole aendelee kutafuta. Baadaye akaja mama mmoja. "Naugonga gotini kwanza," akasema, "halafu nautukana kidogo." Ukampa palepale.

Nyumbani ulikuwa vilevile, kila kitu chako na namna yake. Kitana kilikuwa cha masharubu tu, maana kichwani, utusamehe Baba, hakikuwa na kazi. Saa uliivaa mkono wa kulia, uso wake umegeukia kwenye kiganja, ili anayezungumza nawe asikuone unaitazama akadhani unamfukuza. Na hukuwahi kutoka bila leso mbili. Ya mfuko wa suruali ilikuwa yako. Ya mfuko wa shati ilikuwa ya mtu yeyote atakayelia. Ulisema watu waliopotelewa na vitu hulia kuliko tunavyodhani.

Wenzako walipopiga simu siku ile kwamba umeanguka kazini na umefariki, Mama alisema wamekosea. Hospitalini akagoma kuingia chumba walichokulaza. Alisimama kwenye korido, aproni bado kiunoni, akamwambia nesi, "Mwanangu, sitaki kuona uso wa mtu. Niletee vitu vyake. Mimi ni mke wa Bwana Maswali, najua kuuliza."

Nesi akaleta mfuko wa nailoni, akavitoa kimoja kimoja. Miwani ikatoka, mkono wake mmoja umefungwa uzi mweusi.

"Wangapi wanafunga miwani kwa uzi?" Mama akasema.

Kitana kikatoka.

"Hivyo vimejaa madukani."

Saa ikatoka. Mama akaikodolea macho. "Alikuwa ameivaa vipi?"

"Mkono wa kulia, mama. Imegeukia ndani, huku kwenye kiganja. Hata sisi tulishangaa."

Kaka mkubwa alimshika Mama mabegani. Lakini macho yake hayakubanduka kwenye ule mfuko. Ikatoka leso moja, na mfuko ukabaki mtupu.

"Nyingine iko wapi?"

"Ni hiyo tu, mama."

"Umeangalia mfuko wa shati?"

"Nimeangalia. Hauna kitu."

Baba, hatujapata kumwona Mama akifurahi namna ile. Alipiga makofi katikati ya korido ya hospitali. "Basi siyo yeye! Mume wangu hatoki na leso moja! Kamtafuteni mke wa huyu mtu, maskini wa Mungu, hajui yaliyomkuta." Nasi, Mungu atusamehe, tuliamini. Dada mdogo alicheka kwa sauti. Kaka mkubwa akasema twende nyumbani, huenda umesharudi.

Ndipo mwanamke mmoja tusiyemjua akainuka kwenye benchi la mwisho. Macho yalikuwa yamemwiva, na mkononi alikamata kitambaa kilicholowa.

"Samahani, mama. Labda ndiyo hii mnayoitafuta. Nilisahau begi langu kwenye basi, nikawa nalia dirishani kwake. Akanipa hii. Akaniuliza begi langu nalifungaje. Nilikuwa bado namjibu, akaanguka."

Mama aliitazama ile leso, pembeni ina mshono wa uzi wa bluu alioushona mwenyewe. Hakuuliza swali jingine.

Yule mwanamke akamnyooshea. Mama akatikisa kichwa. "Kaa nayo, mwanangu. Alikupa wewe, na bado unalia." Kisha akaichukua ile nyingine, ile yako, akajifunika nayo uso, akaingia chumbani kukuona.

Soksi tuliipata baada ya mazishi, nyuma ya kabati. Mpaka leo hakuna anayethubutu kuisogeza. Geti likilia jioni, bado tunakatiza maneno na kutega masikio.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye siku hizi hatoki bila leso mbili. Wanao sote, kuanzia Kaka mkubwa hadi Dada mdogo. Wakwe na wajukuu zako. Wenzako wote wa stendi. Na yule dada, ambaye begi lake lilipatikana na ambaye sasa ni mtu wa nyumbani.

Tutakukumbuka siku zote, Baba. Hatujazoea, wala hatuna haraka ya kuzoea.