Kelele Uliyoitoa

Keringet

Kaka Kiptum,

Huku ni mvua na viazi. Ile ng'ombe nyekundu imezaa. Mimi situlii; naanza kufua, naacha, narudi kwa hii barua.

Nyimbo za Baba ulizosafisha kwa kompyuta zimefika. Vijana wa Nakuru wanazicheza kila mahali. Wanamwita babu wa muziki wa mashine, na wanakuja kupiga picha ule mtambo aliounda kwa redio mbovu. Sawa, asante.

Lakini nani alikuambia ile kwaru-kwaru uliyoifuta ni kelele? Kiptum, huyo ni Mama! Alikuwa akisugua kibuyu cha maziwa ya mursik kwa kijiti cha makaa, na Baba akaufuata mkono wake mpaka akapata mdundo. Nyumba nzima tulijua, ila wewe ulikuwa bodingi.

Hiyo santuri ya nyimbo zake usiitoe kwanza huko uliko Ujerumani. Jana nilimchezea Mama nyimbo ulizotuma. Alisikiliza hadi mwisho, mkono ukisugua goti, halafu akaniuliza, "Kwani mimi sikuwepo?"

Mjibu wewe.

Dadako,
Jepkemei