Neno Pole Limekatazwa Kambini

Baba,

Siku tulipokuzika Cheptiret, kapteni aliyerithi darasa lako alikuja na viatu vilivyong'arishwa mpaka kuku wakasimama kujitazama. Akamshika Mama mkono, akasema, "Ninatambua maumivu yako." Mama akangoja amalize. Kumbe alikuwa amemaliza. Alipoondoka Mama akaniuliza, "Ameyatambulia wapi, na ndiyo mara ya kwanza tunaonana?"

Nilidhani ni ulimi umemteleza. Wapi! Ni sheria. Ile kozi yako ya wanajeshi wanaoenda nchi za watu kutibu wagonjwa pamoja na madaktari wa mataifa mengine, ameiosha kwa sabuni. Wewe ulikuwa ukiwaambia: kabla ya kupima joto, kabla ya kugusa mtu, sema pole. Yeye amerudi kutoka masomoni ng'ambo na habari kwamba pole ni sori, sori ni kukiri kosa, na jeshi likikiri kosa litashtakiwa. Basi pole imepigwa marufuku. Msomi huyo! Hapa kwetu mtu akijikwaa mbele yako unamwambia pole, na si wewe uliyeweka jiwe. Yeye akiona jiwe anatafuta wakili.

Mimi niliendelea kuwa mgonjwa wenu wa kuigiza, wa wanafunzi kujifunzia. Si unakumbuka ulivyonifunza kuugua pale jikoni, Mama akicheka mpaka maziwa yakafurika? "Usipige kelele kama mwizi," ulisema. "Ugua kama mtu anayeona aibu."

Juzi kulikuwa na mtihani, wageni kutoka nje wameketi mbele. Nikalala kitandani. Mwanafunzi wa kwanza akaja: "Ninatambua maumivu yako. Unaumwa wapi?" Nikageukia ukuta. Wa pili, wimbo ni ule ule. Ukuta. Kapteni akaniinamia sikioni. "Wewe! Jibu swali!"

"Afande," nikamwambia, "nimelitambua swali lako."

Wa tatu alikuwa Koplo Nekesa, yule wa Bungoma uliyekuwa ukimsifu kwa mkono mwepesi. Akaikunja karatasi yake, akachuchumaa. "Woi, pole mama. Pole sana."

Baba, machozi sikuyaigiza. Tangu ufe, hakuna mtu wa kambi ile aliyekuwa ameniambia hivyo. Nikamweleza Nekesa kila kitu ulichonifunza: tumbo, homa, maji ya kisima. Mgeni mmoja akauliza hilo neno lililonifungua mdomo ni gani. Kapteni akamjibu ni salamu ya kienyeji.

Asubuhi yake nikaambiwa nisirudi. Wameleta doli ya plastiki. Haijikwai, haifiwi, haihitaji pole. Wataelewana na kapteni vizuri sana.

Nekesa naye amepewa onyo. Lakini Jumapili, baada ya kanisa, analeta wenzake wawili hapa Kiplombe kabla hawajasafiri. Nitalala kwa kochi lako, niugue kwa aibu vile ulitaka, na chai ya Mama hataionja mtu kabla hajalisema lile neno na mimi nikaliamini. Wakimaliza hao, walete wengine. Hiyo nakuahidi, kapteni apende asipende.

Wewe ulienda haraka, hata sikupata nafasi ya kukuambia. Nakuambia sasa, na anayetaka kunishtaki anajua nyumba.

Pole na safari, Baba.

Binti yako