Gari Siuzi, Nimelinyamazisha

Nyumbani kwa Mama,
Nyuma ya kiwanda cha maziwa.
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa kaka yangu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Hujambo? Wifi na watoto hawajambo? Na ule mgongo wako, umeachia? Huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, lakini likishapata joto anatembea kutuzidi sisi. Mimi afya ninayo, na hasira kidogo ninazo pia. Nitakueleza zimetoka wapi.

Barua yako nimeipata, pamoja na ile karatasi ya mauzo ya pikapu ya marehemu baba. Nimeona umeshatia saini upande wako. Upande wangu ni mweupe na utabaki mweupe. Gari siuzi. Nakwambia mapema ili haya mengine uyasome ukiwa umekaa.

Najua aliyekupigia simu ni Baba Mdogo, na najua alichokwambia: kwamba kelele za lile gari zinamfanya dada yako kiziwi. Ni kweli. Hospitali walinivalisha hedifoni, wakanipa kitufe nibonyeze kila nikisikia mlio. Nikakaa nasubiri waanze. Kumbe nesi alikuwa ameshafika katikati ya kipimo. Kaka, nililia njia nzima kurudi nyumbani, na hata kilio changu sikukisikia kwa ngurumo ya gari.

Lakini daktari alisema mambo mawili: niache kuendesha gari lile, au niliondolee kelele. Baba Mdogo, mwenye masikio mazima, akasikia la kwanza tu. Mimi mwenye masikio mabovu niliyasikia yote mawili. Miaka saba nakusanya mitungi ya maziwa mashambani, maziwa hayajachachia mikononi mwangu hata siku moja. Leo nikae uani nionewe huruma? Sitaki.

Basi nikamfuata fundi wa viti vya magari, yule tunayemwita Sindano. Alicheka mpaka akashika mbavu.

"Dada, hii pikapu ya mizigo unataka iwe chumba cha kulala?"

"Nataka iendelee kufanya kazi, na mimi niendelee kuiendesha," nikamjibu.

Akaacha kucheka. Akanitolea mikeka mizito ya lami, upande mmoja una gundi, upande wa pili unang'aa kama fedha. Ukiibandika, bati la gari halitetemeki ovyo, na bati lisipotetemeka halipigi kelele. Akanipa na rola ya kukandamizia, akanionya nisibandike kitu penye unyevu wala vumbi.

Kazi niliianza mwenyewe uani, Ijumaa ya wiki iliyopita. Nikafungua boliti za viti, nikavitoa, nikavua zulia. Hapo ndipo nilipokutana na maajabu. Chini ya miguu ya dereva kulikuwa na tundu pana kama kiganja, limezibwa kwa kipande cha ubao na kupakwa rangi nyeusi. Aliyeliendesha gari kabla yangu unamjua. Nikamwita.

"Baba Mdogo, hii nini?"

"Aa, hiyo niliiziba kwa muda tu."

"Muda gani? Miaka saba nakula kelele na moshi kwa ajili ya ubao wako!"

Akaondoka bila kuaga, nikajua nimemkosea mzee. Haikupita saa moja akarudi na fundi wa kuchomelea. Kuomba radhi hakuomba, si unamjua. Alisimama palepale mpaka tundu likapata bati jipya, kisha akachukua tambara akaanza kusugua sakafu.

Jumamosi tukabandika pamoja: sakafuni, kwenye ukuta unaotenga injini, darini, na ndani ya milango, tukaviacha wazi vitundu vya chini vya kutolea maji. Mikeka tuliianika kwanza juani ilainike. Nilisukuma rola mpaka viganja vikatoka malengelenge.

Mnunuzi ambaye Baba Mdogo alikuwa amemwita kabla ya hayo yote akaja siku hiyohiyo, akakuta viti vya gari viko chini ya kamba ya nguo. Nikamwambia gari haliuzwi. Akanipita. Akainama kuchungulia ndani ya gari.

"Mzee, mwenye gari ni nani hapa?"

Baba Mdogo alikuwa amelala chali humo ndani, anabandika dari. Hakuinuka.

"Huyo aliyekwambia haliuzwi," akasema.

Kaka, nusura nimkumbatie na gundi zake.

Sikudanganyi, gari halijawa bubu. Injini ya dizeli ni injini ya dizeli. Lakini ngurumo imeshuka sana. Jumatatu nilimpeleka Mama kliniki. Miaka yote humo garini alikuwa anakaa kimya, nikadhani ndivyo apendavyo. Hatujafika hata barabara kuu, akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Huyu mtoto ataniua, kona hii watu hupunguza mwendo." Nikamsikia, neno kwa neno! Alinikosoa mpaka mlangoni mwa kliniki. Sijapata kufurahia kugombezwa namna ile.

Kilichokwisha kuharibika sikioni hakitarudi, daktari hakunificha. Kilichobaki nitakilinda, na kila miezi sita nitapimwa. Ila siku ya kuachia usukani nitaichagua mimi. Hutanichagulia wewe, wala mnunuzi yeyote.

Nisalimie wifi na wanangu wote wawili. Mama anakusalimu. Baba Mdogo naye anakusalimu, ingawa anaona haya kidogo. Mungu awafunike kwa amani, na mgongo wako aunyooshe.

Ukija likizo nitakufuata kituoni mwenyewe. Utakaa kando yangu, na kama bado unataka niuze, uniambie humohumo njiani. Usipaze sauti. Nitakusikia vizuri, na nitakukatalia vizuri.

Mdogo wako akupendaye kwa ubishi wake wote,
Kitindamimba