Mizimu Ingoje, Mkojo Haungoji

Mume wangu Baba Shija,

Nakusalimu wewe kwanza. Mama mkwe mpelekee shikamoo yangu, umwambie magoti yake nayakumbuka kila asubuhi. Kulwa na Doto hawajambo? Kalunde binti yetu, kichanga chake kimeacha kukohoa? Shemeji Maganga, mdogo wako, naye salamu zake hizi, maana barua hii inamhusu. Mihogo mmeianua kabla ya mvua? Mimi huku Dar ni mzima, ila miguu inavimba kwa kukaa kwenye benchi la wodi.

Naandika kwa sababu kwenye simu nikifungua mdomo tu, shemeji anakunyang'anya anasema yeye. Anasema anapanda treni kuja kumchukua Shija ampeleke kwa mganga wa Puge akafukizwe. Eti kijana ameanguka mtini akitundika mzinga wa nyuki, miguu imekufa, na sasa jasho linamtoka usoni na kichwa kinampasuka bila homa, basi mizimu ya pori imemkalia. Msomee haya, asikie.

Juzi Shija alishikwa tena, amelala chali. Macho mekundu, jasho tiririka, vinyweleo vimesimama. Nikavuta blanketi nimgubike kama tulivyomfanya hapo nyumbani Ntalikwa. Nesi akasema, "Mama, acha blanketi. Tumkalishe, miguu ining'inie." Akaufuata mpira wa mkojo kwa vidole, akaukuta umejikunja chini ya paja. Akaunyoosha, mkojo ukashuka, na kichwa kikatulia. Shija akasema, "Mama, kumbe mizimu ilikuwa imebanwa na mkojo." Tulicheka mpaka mgonjwa wa pembeni akataka asimuliwe.

Daktari alipopita, binti wa rika la Kalunde, nikamwuliza, "Mwanangu, kibofu na kichwa wapi na wapi?"

Akasema kibofu kikijaa kinapiga kelele, nayo inapanda kwenye ile kamba iliyo ndani ya uti wa mgongo, inaamsha neva zinazokaza mishipa ya damu. Kichwa kinatuma neno la kuzinyamazisha, lakini neno linaishia pale mgongo ulipovunjika. Basi presha inapanda tu. Akasema humo kwenye kamba mwili wenyewe hutengeneza hewa kidogo sana, inaitwa naitriki oksaidi, inapita kutoka neva hadi neva. Kwa wanyama waliopimwa, mara nyingi inazituliza zile neva, ila pengine inazichochea, na wataalamu bado wanabishana.

"Basi mwekeeni hiyo hewa," nikasema.

"Bado si dawa, mama. Kwa leo ni kukaa wima, na mpira usibanwe."

Sasa nisikilizeni. Huko Puge watamlaza, watamgubika mablanketi na chungu cha moshi, nani ataangalia mpira? Presha ipande mshipa upasuke kichwani, mwanangu afe huku watu wanapiga makofi kwamba mizimu inatoka. Sikubali. Mizimu ya kwenu siidharau, tambiko tutafanya akirudi, na unga nitasaga mwenyewe. Lakini mizimu inaweza kungoja, mkojo haungoji.

Tena mwambie shemeji, wazee wenu walitembea kwa miguu kutoka Tabora mpaka pwani na pembe za ndovu mabegani, wala hawakugeuka njiani kwa maneno ya watu. Mimi niliyekuja nimekaa kwenye treni nigeuke kwa lipi? Akisema ni kiburi, na kiwe kiburi.

Nisalimie jirani anayetuchungia mbuzi, na wenzake Shija wa mizinga, waambie anawauliza asali.

Wewe ndiye baba yake, wala si Maganga. Nitumie neno upesi, kabla hajakata tiketi, hata liwe moja tu: abaki. Ukinyamaza naye akaja, atanikuta nimekaa mlangoni mwa wodi, na hapo sibanduki.

Mkeo,
Mama Shija